Kwa Nini Tangi Lina Mlango Mmoja

Sijamaliza hata kupanga vitabu vyangu hapa Ifakara, kijana mmoja kati yenu akaandika kwenye kundi letu la mafundi kwamba ametoka kukagua tangi la nyuma la ile ndege ya masafa marefu, kwamba magoti yote mawili yamechubuka, na kwamba angependa sana kukutana na mtu aliyeamua tangi refu namna ile liwe na mlango mmoja tu wa kumwingiza fundi. Wenzake wakamuunga mkono kwa maneno ambayo siyarudii, maana shangazi yangu hupenda kusomewa ninachoandika. Mtu huyo namfahamu vizuri, na mlango wa pili ninao hapa nyumbani.

Jibu lake haliingii kwenye ujumbe wa simu, ndiyo maana nimekaa barazani na kompyuta mapajani huku mashine ya jirani ya kukoboa mpunga ikinipigia kelele tangu asubuhi. Habari za vyeo sitaandika. Vilikuwa vichache, na vilikuja nikiwa nimeshaacha kuvitamani. Nitaandika juu ya kilo, kwa sababu ndizo nilizoshughulika nazo maisha yangu yote.

Kwa wale wageni kwenye kundi, naitwa Deogratias na nilikuwa mhandisi wa uzito. Kazi ya mhandisi wa uzito ni kukaa kwenye mikutano ambayo kila mtu anataka kuongeza kitu kwenye ndege, na kumwambia hapana. Mtu wa viti anataka sponji nene zaidi. Mtu wa jikoni anataka oveni ya ziada. Mtu wa umeme anataka waya wa akiba, na akishaupata anataka kibano cha kuushikilia. Wote wana sababu nzuri, na wote ukiwakubalia ndege inabaki chini. Kwenye sherehe za kiwanda tulikuwa tunakaa meza moja na wakaguzi wa hesabu, kwa kuwa nao hakuna aliyetaka kukaa nao.

Kazi hiyo nilianza kuifundishwa hapa hapa bondeni kabla sijajua kwamba ni kazi. Nililelewa na shangazi yangu Benadeta, dada yake baba, aliyevuka mto kutoka upande wa Mahenge akiwa binti, akifuata ardhi ya mpunga. Masika yakikaribia, nyumba nzima ilihamia shambani kwenye dungu, kile kibanda kilichojengwa juu ya nguzo, maji ya bonde yakijaa yanapita chini yako na wewe juu unaendelea kusonga ugali. Tulikaa huko mpaka mavuno, tukifukuza ndege aina ya kwelea mchana na kuwapigia kelele nguruwe pori. Kwenda huko kulikuwa kwa mtumbwi, na mtumbwi wetu ulikuwa mdogo.

Basi kabla ya kuondoka, Shangazi alitandika mikeka uani na kuamuru kila kitu kinachotaka kusafiri kianikwe juu yake kama mpunga unavyoanikwa juani. Sufuria, majembe, blanketi, chumvi, redio, kila kitu peke yake, kisilaliane na kingine. Kisha alipita taratibu na kuuliza maswali mawili. La kwanza, hiki cha nani na kina kazi gani? La pili, tukikiacha, nani atataabika? Mwenye kitu alijibu mwenyewe, amesimama, mbele ya wote. Mimi nilipoteza mpira mzuri sana wa makaratasi kwa kushindwa kueleza kazi yake. Lakini vitu vyake navyo aliviweka mkekani, na mwaka mmoja alijiuliza mwenyewe kwa sauti, akajijibu, akaiacha nyumbani cherehani yake ya mkono aliyoipenda kuliko sisi.

Chuma cha kwanza nilikishika kwenye karakana ya mashamba ya miwa, upande wa Kidatu, nikiwa nimemaliza shule. Nilisugua vipuri vya mashine kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ya vidole ikawa nyeupe. Baadaye nikapata chuo, baada ya chuo hanga la ndege la Dar es Salaam, na baada ya miaka ya hanga nikapelekwa Ulaya kusomea mambo ya uzito wa ndege. Nilitakiwa kurudi baada ya kozi. Kiwanda kilichokuwa kinatufundisha kikaomba nibaki, na wakubwa wangu wa Dar wakakubali upesi kuliko nilivyotarajia.

Siku ya kwanza kiwandani nilipelekwa kwa mtu anayeitwa Anselm. Hakuwa wa idara yetu. Alikuwa mbunifu wa matangi ya mafuta, lakini kila mgeni wa uzito alipitishwa kwake kwanza, kwa sababu alikuwa mbishi kuliko wote na walitaka uonje. Nywele zilikuwa zimeshamwisha, na mabega yalikuwa mapana yasiyolingana na mtu wa ofisini. Kwao kila mtu anaitwa kwa jina lake tu, hata mkurugenzi. Mimi sikuweza, nikamwita Mzee Anselm, na baada ya miezi michache ofisi nzima ilikuwa inamwita Mzee bila kujua maana yake.

Aliniambia nitoe kila kilichokuwamo mifukoni. Akachukua mizani ndogo ya kuning'iniza, ya springi, yenye ndoano chini, akapima kimoja kimoja: pochi, kalamu, rozari, simu. Alipofika kwenye funguo aliuliza kila ufunguo unafungua nini. Mmoja sikuukumbuka. Nadhani ulikuwa wa kabati la bweni la chuo, kabati ambalo kwa wakati ule lilikuwa limeshatupwa. Akauning'iniza ule ufunguo mbele ya macho yangu. "Huu umeubeba kutoka Afrika mpaka hapa," alisema. "Kazi yetu ni kuutafuta huu." Akanikabidhi ile mizani, niitunze. Nikajua nimefika kwa shangazi mwingine.

Sasa nifike kwenye ndege yenyewe. Mnajua kwamba hatukuibuni upya. Ilikuwepo, yenye ujia mmoja katikati na viti vitatu kila upande, ndege ya safari fupi inayopaa asubuhi na kurudi kulala kwao. Mashirika yakaanza kuuliza kama ndege hiyo hiyo inaweza kwenda mbali zaidi, bara mpaka bara, kwenye miji ambayo abiria wake hawatoshi kujaza ndege kubwa. Mtu wa nje hudhani ni suala la kuongeza mafuta tu. Lakini mafuta yana uzito, na ndege inachoma mafuta kubeba mafuta. Ukiongeza tangi unaongeza vyuma vya kulishikilia, ukiongeza vyuma magurudumu yanalemewa, ukiimarisha magurudumu na breki unahitaji mafuta zaidi. Unaweza kuzunguka hivyo mpaka ukajikuta umebuni ndege nzito inayofika pale pale.

Njia ya zamani ilikuwa kupachika matangi ya masanduku kwenye sehemu ya mizigo. Yanaingia na kutoka kirahisi, ila yanakula nafasi ya mabegi na kila sanduku linakuja na kuta zake. Mzee Anselm alitaka tangi moja refu lililojengwa ndani ya tumbo lenyewe la ndege, nyuma ya magurudumu, tumbo likiwa ndilo ukuta wa tangi. Alikuwa amewahi kulichora tangi la namna hiyo miaka mingi nyuma, kwa ndege nyingine iliyofutwa kabla hata ya kukatwa bamba la kwanza. Michoro ile ilikaa kabatini kwake muda wote ule. Mradi wetu ulipoanza alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na wote tulijua kwamba hili ndilo jaribio lake la mwisho.

Kwenye michoro ile kulikuwa na kitu ambacho alikihamisha kama kilivyo: mlango wa pili wa fundi, upande wa nyuma wa tangi. Sheria ilitaka mmoja. Wa pili ulikuwa wa huruma tu. Kabla ya kuwa mbunifu, Mzee Anselm alikuwa fundi wa kutambaa ndani ya matangi, na siku moja bega lilimkwama mwisho kabisa wa tangi la bawa, akabaki humo na tochi inayofifia mpaka wenzake walipomvuta kwa miguu. Alinisimulia mara moja tu, na hakunitazama wakati anasimulia. Mlango aliuchonga mwenyewe karakanani kama sampuli, bamba la umbo la yai, jembamba, lililokwanguliwa upande wa ndani kila mahali palipokwanguika ili lipungue uzito. Nimepima vipande vingi vya ndege katika maisha yangu na sijawahi kupima kilichotengenezwa kwa upendo namna ile.

Matatizo yalianza pale mamlaka ya usalama wa anga ilipouliza swali la haki kabisa: ndege ikitua kwa tumbo, magurudumu yamegoma, tangi lililo tumboni litakuwaje? Tukaimarisha tumbo, na kilo zikapanda. Wakauliza habari za moto wa nje, tukaongeza kinga, zikapanda tena. Mashirika yalikuwa yameahidiwa masafa fulani na yameagiza ndege kwa ahadi hiyo. Mkuu wa mradi, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti, akatuita akatuambia wazi: masafa yakipungua wateja watajitoa, na kabla hawajajitoa yeye atarudi kwenye matangi ya masanduku. Mzee Anselm alikuwa amekaa karibu na dirisha. Shingo ilikuwa nyekundu.

Tukaanza kutafuta cha kutoa, na kitu kikubwa kilichoonekana ni sakafu. Mafuta yakikaa angani saa nyingi yanakuwa baridi kwelikweli, na tangi lile lipo chini ya miguu ya abiria wa safu za nyuma. Kwa hiyo kwenye mpango wa awali sakafu ya pale iliwekewa mabamba yenye nyaya za joto, na mabamba hayo yalikuwa mazito. Ikapendekezwa yatolewe, pabaki zulia nene na tabaka jembamba la kuzuia baridi, na anayetaka apewe blanketi. Kipande cha ndege kikajengwa ndani ya chumba cha baridi, na wafanyakazi wakaalikwa kukaa humo kutwa nzima kama abiria. Na mimi nilikaa. Walituletea filamu na chakula kibaya, ili pafanane na safarini. Mwisho wa siku karibu wote tukaandika kwamba sakafu iko sawa. Nilifurahi sana, maana kwa kuyatoa mabamba yale peke yake tulikuwa tumefika. Mzee Anselm alinishika bega, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, nami nikaja likizo Ifakara moyo mwepesi.

Nilikuta Shangazi anajiandaa kwenda Mlimba kwenye komunyo ya kwanza ya mjukuu wa dada yake, nikamsindikiza kwa treni. Alivaa gauni la kitenge na viatu vyeusi vya kanisani, vile ambavyo nilimpelekea mwenyewe. Behewa lilijaa. Mbele yetu alikaa mfanyabiashara wa mpunga, Msukuma mmoja mkubwa anayeitwa Masunga, ambaye ng'ombe wa baba yake, alivyotuambia kabla treni haijaondoka, walitembea kutoka Shinyanga mpaka bondeni. Treni ilipoanza kusogea tu, Shangazi aliinama, akavua viatu, akavipanga chini ya kiti kisigino kwa kisigino. Masunga alikuwa ameshavua katambuga zake za tairi. Nikageuka kutazama ng'ambo ya pili. Mwalimu mmoja alikuwa amevua, na soksi amezitia ndani ya viatu. Wasichana waliokuwa wanachezea simu walikuwa wamevua. Behewa zima lilikuwa miguu mitupu.

Tulipita Chita nikiwa bado natazama chini. Shangazi akanigusa.

"Unatafuta nini huko, baba?"

"Natazama miguu ya watu, Shangazi. Wote wamevua viatu."

"Sasa viatu vya nini, na wamekaa?"

Nikaanza kumweleza kazi yetu, jambo ambalo kwa miaka yote ile sikuwahi kulifanya vizuri. Nikamwambia kuna ndege tunaitengeneza ifike mbali, mtu atoke huku mpaka Ulaya bila kushuka. Akauliza kama inaweza kumbeba na yeye. Nikasema inaweza. Akauliza chini ya miguu yake patakuwa na nini. Nikasema mafuta.

"Ya moto?"

"Baridi. Baridi sana."

Aliivuta miguu yake juu, ile miguu yenye nyufa za kusimama majini kila masika, akaiingiza ndani ya khanga, akageukia dirisha. Mimi nilibaki nakumbuka lile jaribio letu. Lilifanyika katikati ya majira ya baridi, barafu imejaa nje, na kila mmoja wetu aliingia kwenye chumba kile amevaa buti la baridi na soksi za sufu. Hakuna aliyevua hata moja. Watu wa nchi ile hawavui viatu mbele ya wageni, na mimi nilikuwa nimeishi nao kiasi cha kusahau kwamba kuna watu wanaovua.

Niliporudi nilimtafuta Mzee Anselm kabla ya kumtafuta mtu mwingine yeyote. Nilimkuta karakanani amesimama mbele ya tangi la majaribio, anapitisha kiganja kwenye mshono.

"Mzee, jaribio la sakafu halifai."

"Lilifaulu."

"Lilifaulu na buti."

Akatazama miguu yake. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, na niliona anavyoelewa hatua kwa hatua mpaka mwisho wake. Aliuliza kama ninajua kwamba jaribio likirudiwa na likashindwa, mabamba yatarudi na kilo zitarudi. Nikasema najua. Akauliza kama nakumbuka kwamba mtu wa uzito ni mimi. Nikasema nakumbuka. Nilitamani kumwomba radhi, lakini sikuona ningeomba radhi ya nini.

"Nani amekwambia?" akauliza.

"Shangazi yangu. Hakusema kitu. Alificha miguu."

Alitoa kiganja kwenye mshono wa tangi. Kisha akasema twende pamoja kwa mkuu wa mradi, na akatangulia.

Mkuu wa mradi hakupenda, na simlaumu. Ofisa mmoja akashauri mhudumu atangaze abiria wabaki na viatu. Nikamwambia nchi yangu imewahi kutangaziwa mambo mazito kuliko hayo na watu wameendelea kufanya wanavyofanya. Jaribio likarudiwa, safari hii viatu na soksi vikaachwa mlangoni kwenye rafu, na wenzangu wengi nikaiona miguu yao kwa mara ya kwanza. Kufika mchana safu ya nyuma ilikuwa imekalia miguu yake. Mmoja alikuwa ameifunga kwa koti. Mkuu wa mradi alikuwa amejitolea kukaa nyuma kabisa, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kupandisha miguu kwenye kiti. Mabamba ya joto yakarudi siku ile ile, na hakuna aliyebishana.

Tukawa tumerudi tulikotoka. Hapo ndipo nilipoomba ukumbi. Nilieleza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba kwetu tukiwa na mtumbwi mdogo tunaanika, na nikaeleza maswali mawili ya Shangazi. Walidhani natania. Mzee Anselm akasema ukumbi usafishwe.

Kila idara ikaleta vipande vyake vinavyohusu tangi, ikavipanga sakafuni kimoja kimoja, visilaliane. Mabomba, pampu, vibano, nyaya, mabano, vibandiko vya maonyo. Mimi nikapita na mizani yangu ya springi, zaidi kwa heshima kuliko kwa haja, na kuuliza: hiki cha nani na kina kazi gani? Tukikiacha, nani atataabika? Kwenye karatasi kila kipande kilikuwa na sababu. Mtu akisimama juu yake na kuisema kwa mdomo wake, nyingine zilikuwa zinamkwama kooni. Tulikuta bano imara la chuma lililokuwa linashikilia bomba ambalo lilishaondolewa zamani. Mwenye bano alilitazama, akacheka, akalibeba kwapani akaenda zake. Vilitoka vitu vingi kwa njia hiyo. Neno lenyewe likabaki. Nasikia mpaka leo kuna Wazungu pale kiwandani wanaoitisha kikao cha kuanika.

Lakini havikutosha. Tulipojumlisha tulikuwa tumepungukiwa na uzito wa kama debe moja la mpunga, na sakafu ilikuwa imebaki na vitu ambavyo kila kimoja kilikuwa kimejieleza kikaeleweka. Watu walianza kutazama saa. Ndipo Mzee Anselm alipotoka, akarudi na ile sampuli ya mlango wake wa pili, akaiweka chini mahali palipokuwa patupu na kusimama nyuma yake.

Mlango wenyewe ulikuwa mwepesi, mnajua. Kinachokula uzito ni tundu. Ukitoboa tangi lazima ulizungushie tundu pete nene ya kuimarisha, boliti zake na mpira wake. Kila mtu pale alijua hesabu hiyo, na nina hakika kila mtu alikuwa ameshaipiga kichwani na kuimeza. Mimi nilikuwa wa kwanza kuipiga.

Nilisimama mbele yake na mizani mkononi. Yeye akaningoja.

"Uliza," akasema.

"Hiki cha nani, na kina kazi gani?"

"Ni changu. Kinamtoa fundi kwa urahisi."

"Tukikiacha, nani atataabika?"

"Fundi," alisema. "Mara moja kila baada ya miaka kadhaa, atatambaa kwenda na kurudi njia ile ile, na atanitukana. Sakafu ikiwa baridi atataabika abiria, kila siku, na hatajua amtukane nani."

Akainama, akaubeba mlango wake mwenyewe, akatoka nao nje. Ukumbi mzima ulibaki umesimama. Sioni haya kusema kwamba nililia, na sikuwa peke yangu.

Kwa hiyo, kijana wa magoti, huyo ndiye mtu unayemtafuta. Alipotoka ukumbini hakwenda nyumbani. Alikaa wiki zilizofuata akipanga upya mabomba ya kuingiza hewa safi ndani ya tangi, na akaandika ile kanuni inayowakera, kwamba fundi akiwa ndani lazima mwenzake awe mlangoni muda wote, anaongea naye. Msimruhusu mwenzenu wa mlangoni akaenda kunywa chai. Kanuni ile ndiyo mlango wa pili.

Ndege iliruka, masafa yakafika yalipoahidiwa, na tangi la Mzee Anselm likawa tangi kwelikweli. Alistaafu mwezi ule ule. Siku yake ya mwisho alikuja ofisini kwangu na kuweka mlango mezani, amefuta mpaka vumbi la kwenye vijishimo vyake. Alisema umefutwa na miradi miwili na yeye hana pa kuuweka. Sikuwa na pa kuuweka pia, nikauchukua.

Zamu yangu ya kustaafu ilipofika nilirudi kwa ndege ile ile. Niliomba kiti cha nyuma kabisa, binti wa tiketi akadhani sijaelewa akanieleza kwamba mbele kuna nafasi. Tulipokuwa juu nikavua viatu na soksi, nikaweka nyayo sakafuni. Haikuwa na joto. Haikuwa na baridi pia. Ilikuwa sakafu tu. Dada aliyekaa kando yangu, mwenye ushungi na mtoto kifuani, alikuwa ameshavua ndala zake tangu tunapaa, na miguu yake ilikaa pale chini mpaka Dar bila kusogea. Nilitamani kumwamsha nimweleze, nikaona aibu.

Nilivuka Mikumi na Kidatu kwa basi, mlango ukiwa katikati ya nguo zangu. Nilipoufungua nyumbani, Shangazi aliugeuzageuza akauliza ni wa nini. Nikamsimulia kisa chote, kuanzia miguu yake ndani ya treni. Alisikiliza hadi mwisho, akasema huyo mzee wa Kizungu amelelewa vizuri. Halafu akauchukua akaenda nao stoo, ambako panya walikuwa wanamsumbua kwenye mtungi wake wa mbegu za mpunga wa msimu ujao. Mlango ulikaa juu ya mdomo wa mtungi, umezidi kidogo kila upande, lakini umetulia.

Asubuhi yake nikakuta ameuwekea jiwe juu. Nikamuuliza kulikoni.

"Kifuniko kizuri," akasema, "ila hakina uzito. Panya wanakisukuma."

Nilipiga picha, mtungi, mlango na jiwe, nikamtumia Mzee Anselm pamoja na maneno ya Shangazi. Siku hizi mikono inamtetemeka na majibu yake huchelewa. Hili halikuchelewa. Aliandika kwamba amengoja maisha yake yote ya kazi mlango ule uidhinishwe, na kwamba nimshukuru mkaguzi. Chini yake akauliza jiwe lina uzito gani.

Nikaenda chumbani, nikatoa mizani ya springi kwenye sanduku, nikalifunga jiwe kwa kipande cha khanga ili ndoano ipate pa kushika. Shangazi alisimama mlangoni mwa stoo ananitazama napima jiwe, mtu mzima na mvi zangu, akaniuliza kama kweli nimestaafu.